Nilipopakia Ndege ya Vita

Dada Nafula,

Natangaza rasmi, na mama aitwe asikie, kwamba mimi Barasa nimenunua glavu mpya za kazi. Za ngozi. Makofi tafadhali.

Sasa salamu. Mko wazima? Goti la mama limepungua uvimbe? Mimi Muscat hii mwili ni mzima, ila nina hasira mpaka wali naurudisha sufuriani.

Unaikumbuka ile ndege ninayokusimulia kwenye simu, ya kufundishia marubani wa vita zamani, ambayo bosi wangu Mzee Khalfan aliinunua ikiwa chuma chakavu, tukaifufua hapa Al Amerat? Ribiti zote zinazoshikiza mabati ya bawa la kushoto nilizigonga mimi. Ina viti viwili tu: cha rubani na kimoja nyuma yake. Tangu injini iwake sijatamani kitu kingine duniani ila kile kiti cha nyuma. Mzee alijua. Nilikuwa nakipangusa hata kikiwa safi.

Alhamisi akaniambia, "Barasa, kesho kabla ya sala weye utapakia."

Mzee ni Mwomani wa ukoo wa Unguja, Kiswahili chake kina marashi. Nikasema sawa, nikaenda kununua glavu.

Ijumaa nikapakia. Katoni za maji, sanduku la spana, turubai, birika la kahawa, vyote juu ya kiti cha nyuma, nikavikaza kamba kama kreti za nyanya. Mzee akaja na rubani.

"Mbona kiti kimejaa? Weye utakaa wapi?"

"Nikae wapi tena, Mzee? Si nimepakia?"

"Lahaula! Nlikwambia upakie weye! Upande!"

Kumbe kwao abiria hupakia chombo. Kwetu Bungoma kinachopakiwa ni gunia!

Nikawa napigana na mafundo yangu mwenyewe, huku Nassor, mpwa wa Mzee, muuza simu asiyewahi kushika hata bisibisi, keshavaa kofia ya rubani. "Sadiki," akaniita, yaani rafiki, maana hilo ndilo jina la wageni sote huku, "weye ushapakia mizigo yako, sasa mie napakia ndege."

Rubani akasema ruhusa ya kuruka inakwisha. Mzee akatazama viatu vyake. "Basi, siku nyengine, inshaallah."

Inshaallah ya namna hiyo unaijua.

Nikashusha birika, Nassor akarukia kiti, yeye na rubani wakapaa na bawa langu, wakazunguka pwani ya Sidab hadi Yiti. Mimi chini, nimeshika birika.

Na kinachonichoma si Nassor. Miaka yote nalalamika kwamba huku wananiona punda. Siku mtu kaniita abiria, masikio yangu yenyewe yakasikia kuli.

Msalimie mama, na mjomba fundi baiskeli. Shemeji yangu mwalimu muulize, shuleni huwa wanafundisha Kiswahili cha nani?

Ni mimi ndugu yako wa ardhini,
Barasa

Nilisahau: nilimuuliza Nassor huko juu aliona nini. Alifumba macho tangu wanapaa hadi wanatua.