Shangazi Amemwona Kaka Yake

Jumamosi, Singida Mjini. Upepo wa leo umeingiza vumbi mpaka ndani ya cherehani, lakini moyo umetulia. Tangu Jumanne haukuwa hivi.

Jumanne nilifungua ile tovuti ninakoweka picha zangu, nikadhani nimepotea. Wameibadilisha yote. Kwa miaka tisa nimepanga picha humo kama ninavyopanga vitambaa dukani: ndege wa Ziwa Singidani kwenye albamu yao, mashamba ya alizeti kwenye yao, watu wa nyumbani Ilongero kwenye yao. Chini ya kila picha niliandika ni nani, ni wapi, anafanya nini. Sasa albamu zimevunjwa. Picha zinashuka mfululizo, kubwa, zimejaza kioo cha simu, na maelezo yamefichwa nyuma ya kidoti ambacho usipoambiwa hukioni.

Nililia. Mume wangu nilimwambia ni vumbi.

Hamisi, mstaafu wa reli tuliyefahamiana humo kwa ajili ya picha za ndege, aliandika kwamba anaondoa zake zote. "Wanataka picha zetu, sisi wenyewe hawatutaki." Nikaona amesema kweli. Jana jioni nikaanza kuhamishia zangu kwenye kompyuta, nikapanga leo nikifunga duka nizifute kabisa kule tovutini.

Asubuhi shangazi akapiga simu kutoka Manyoni. Ndiye dada pekee wa baba, na baba hatunaye mwaka wa nne sasa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nimemwona kaka yangu."

Nikaweka mkasi chini.

Kumbe binti yake alimwekea ile tovuti kwenye simu siku nyingi, ila ilimshinda. Picha ndogo kama stempu, maandishi ya kukodolea macho, kila mahali pa kubonyeza. "Sasa napandisha kidole tu," akasema, "zinakuja zenyewe. Leo amekuja kaka. Anapepeta mtama, anacheka."

Picha hiyo niliiweka mwaka wa kwanza, chini kabisa ya albamu ambayo hata mimi siifungui.

"Na huyu aliyekaa naye ni nani? Mbona hukuandika?"

Niliandika, shangazi. Nikamweleza habari ya kidoti. Akajaribu, kidole kikakosea, picha ikaruka. Nikamsikia anahema, anamtafuta baba upya. Hapo hasira ikanirudia, lakini haikuwa tena hasira ya albamu zangu.

Nikawasha spika ya simu, nikafungua kompyuta nikamsomea maelezo mwenyewe, picha moja baada ya nyingine kadiri alivyozipandisha. Wateja wawili waliofuata nguo zao wakavuta viti wakasikiliza. Tulipofika kwenye picha kuukuu niliyoikuta sandukuni mwa baba, yeye akiwa kijana juu ya mwamba, shangazi akanikatiza.

"Unasema Ilongero? Hapo ni kwa bibi yetu, Ikungi. Juu ya mwamba huo ndipo tulipokuwa tukianika mtama. Alianguka hapo akachanika mkono. Mimi ndiye niliyemsukuma."

Tukacheka wote, hadi wale wateja. Kovu la mkono wa baba nililiona maisha yangu yote. Nilipomuuliza alisema ni ng'ombe.

Mchana nimewaandikia wenye tovuti. Nimewaambia warudishe maandishi chini ya picha, kwa sababu picha ya mtu asiye na jina ni ya mtu yeyote. Nimewaambia pia picha kubwa waziache hivyo hivyo, kuna mama Manyoni anazipenda. Sijui kama watasoma. Nimempigia na Hamisi nikamsimulia. Akasema zilizobaki hatazigusa kwanza.

Mimi sijafuta hata moja. Nimesahihisha maelezo ya ile ya mwamba tu, ingawa yamefichwa.

Jambo moja linanisumbua, si kwa ubaya. Miaka yote hii nilihesabu wanaoacha maoni. Wasipoandika, nilisema hakuna mtu. Je, ni wangapi waliokuwa wakipita kimya, wakimtafuta mtu wao, nami nikidhani naongea peke yangu?