Cheti cha Bomba Alichopewa Eladio

Medianía Alta,
Loíza, Puerto Rico.
6 Agosti, 2019.

Mpendwa mdogo wangu Migdalia,

Hujambo huko Orlando? Mgongo unaendeleaje, na shemeji Tito amepona kikohozi? Mimi mwili mzima. Moyo ndio umejaa wivu, sikufichi.

Binamu yetu Eladio amepewa cheti cha serikali cha mlezi wa bomba, ngoma yetu hii tuliyoachiwa na wazee. Kila ukoo mtu mmoja tu, na huyo ndiye atakayefundisha watoto shuleni. Nimecheza bomba miaka arobaini, na muda wote huo mikono yake kwenye ngoma imefuata miguu yangu. Halafu naona karatasi ya ndugu waliompendekeza, jina lako la kwanza. Migdalia, hata kunipigia simu?

Jumamosi walimkabidhi. Wakubwa walikaa mbele na suti zao katika joto lile. Nilivaa sketi ya marehemu mama, nikaingia, nikaisalimu ngoma kwa adabu zote, lakini nia yangu ilikuwa mbaya. Unajua mpigaji lazima ajibu kila hatua ya mchezaji, nami nilitaka kumwaibisha. Akajibu bega, akajibu kisigino, akajibu hata pindo la sketi. Ndipo nikatoa ule mkato wa mama, wa kusimama kimya kisha kugeuza nyonga kinyume. Mkono wake ukabaki hewani.

Wakubwa walipiga makofi, hawakuelewa kitu. Watu wetu walielewa. Shangazi Providencia alicheka mpaka akamwaga maji ya nazi. "Mlezi, mbona umelala?" akamuuliza.

Nilingoja Eladio akasirike. Akashika kipaza sauti, akasema, "Huo sina. Binamu hajanipa." Afadhali angenitukana.

Wasalimie shemeji Tito na mwanao Yaritza. Sketi yake naishona. Mungu na Mtakatifu Santiago wawaepushe na vimbunga na maradhi.

Tangu saa tatu Eladio yuko barazani na ngoma yake, anataka nimfundishe ule mkato kabla shule hazijafunguliwa. Nimemwambia namaliza barua kwanza, nami naandika polepole makusudi. Akichoka ataondoka, na mkato wa mama utabaki wangu. Lakini haondoki. Anaujaribu kwa vidole, na kila mara anaukosea palepale. Siwezi kuendelea kusikia, acha nitoke.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa ulitia saini,

Nereida