Kahawa Isiyonywewa kwa Mjomba Nasor

Mama mpenzi, shikamoo.

Halwa ya huku Nizwa, Omani, tamu, lakini jana barazani kwa kakako tulikaa roho juu. Mjomba Nasor kamnyima jirani yake mjane zamu ya maji ya falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba. Basi Said, mwana wa Mjomba, anayesomesha historia, akasema taratibu: "Wachina wa kale wakiamini mbingu humpa mfalme enzi kwa wema wake. Akidhulumu, hupewa ukoo mwengine."

Kisha akaweka kahawa yake chini. Huku, afanyaye hivyo hanywi mpaka akubaliwe ombi lake. Mwana kwa babake!

Wazee nao wakaweka vikombe, mmoja mmoja. Kikabaki cha Mjomba tu mkononi.

Ni kakako, Mama, lakini nami niliweka changu. Nipe radhi zako.

Mwanao, Khalfan