Matanga Matatu ya Mama Mmoja

Mama yangu mpendwa,

Nikupe kwanza habari ambayo sidhani kama kuna marehemu amewahi kupewa: hapa mtaani kwetu Butembo, wewe umefariki mara tatu. Mara ya kwanza unaijua mwenyewe. Hizo mbili nyingine tulikuua sisi wanao, kwa midomo yetu, na wageni wakaja, wakakulilia, wakala wakashiba.

Usinune. Ngoja nikueleze toka mwanzo, maana najua ulivyokuwa hupendi mtu aanze hadithi mkiani.

Ulipoondoka, Papa alianza kusahau vitu vidogo. Akienda msikitini anarudi na viatu vya watu wengine, kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, na yeye mwenyewe hana habari. Tulicheka, na wewe ungecheka kuliko sisi. Kisha akasahau njia ya kurudi kutoka sokoni, yeye aliyeendesha lori kati ya Butembo, Beni na Oicha mpaka akayajua mashimo ya barabara kama anavyowajua wanawe. Hapo hatukucheka tena. Kisha akaanza kukutafuta. Anaamka, anafunga shuka, anachungulia jikoni, anauliza, kama mtu anayeulizia chai yake: «Mama Zaina iko wapi?»

Mdogo wangu Musa unamjua, ulimi wake hauna breki. Akamjibu palepale: «Papa, Mama alikufa.»

Mama, Papa aliipokea habari ile kama habari mpya. Alishika kichwa. Akatoka nje bila viatu, akasimama katikati ya njia na kusema kwa sauti, «Bibi yangu amekufa! Bibi yangu amekufa!» Sasa nyumba ya ng'ambo alikuwa amehamia mama mmoja kutoka Kanyabayonga. Hakukujua wewe, hakujua lolote. Alifanya ambalo kila binadamu angefanya: akajifunga kitenge kiunoni, akapiga kilio, majirani wakaitikia. Kabla ya adhuhuri mikeka ilikuwa imetandikwa uani, viti vimetoka msikitini, sufuria la wali liko motoni, na shehe ameshafika na kofia yake mpya.

Musa alisimama mlangoni akijaribu kuwarudisha watu. «Mais Mama alikufa zamani!» Mzee mmoja akamtazama toka juu hadi chini, akamwambia, «Zamani ao leo, mutu amekufa. Leta kiti.» Nami nilipomnong'oneza shehe, alifikiri kidogo akasema dua haizidi, akaanza kusoma. Wewe uliyekuwa ukisema mgeni hafukuzwi hata akikosea nyumba, ungefanya nini? Tulipakua.

Siku chache baadaye akauliza tena. Nilidhani kosa la Musa lilikuwa ni ukali wa maneno. Kwa hiyo mimi nilimkalisha Papa, nikamshika mkono, nikamwambia polepole, kwa sauti ya kubembelezea mtoto. Matanga ya tatu yalianza kabla sijamaliza sentensi.

Safari hiyo watu walikuja na chakula kidogo na macho makubwa. Mtaani wakaanza kutuita familia ambayo mama yao anakufa kila mwezi. Hilo ningelivumilia. Lililonishinda ni machozi ya Papa. Sisi tulikuzika mara moja, tukapoa kidogo kidogo. Yeye tulikuwa tunamfiwisha upya kila alipouliza, na iliniuma, mama, iliniuma kweli.

Habari haina mguu lakini ilifika Beni kwa Baba Mkubwa. Akapanda teksi, akaja, akakaa kwenye kiti cha Papa, akatoa hukumu. «Hii haiko ugonjwa. Hii ni kitu ya batu, wamemuloga.» Alikuwa amepata mganga, upande wa Manguredjipa, anayefunga wagonjwa kamba mguuni mpaka hicho kitu kiwatoke. Unajua neno la Baba Mkubwa katika ukoo wetu: yeye akisema, sisi tunabeba mizigo. Nilichoweza ni kumwomba angoje mfungo uishe. Akakubali. «Ramadhani ikiisha, nakuya kumukamata.» Papa alikuwa pembeni, anakunja na kukunjua leso yake, anatabasamu. Nilimtazama ule mguu wake nikaenda jikoni kulia.

Ndipo nikasikia kwamba kituo cha afya kilicho karibu na soko kimeanza masomo kwa familia zinazoishi na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau. Masomo, mama, kwa sisi watu wazima! Nilienda nikitarajia vidonge. Muuguzi anayefundisha anaitwa Madame Odette, mtu wa Kisangani aliyetumwa kufanya kazi Beni, anayepanda Butembo kila Alhamisi. Hakuleta kidonge hata kimoja. Alileta termosi ya chai na maswali. Akatueleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi, si ukaidi, wala si adhabu. Dawa ya kuuondoa hakuna, alisema bila kuzunguka, lakini namna ya kuishi nao ipo, na inafundishika.

Halafu akatuchezesha mchezo. Alinifanya mimi kuwa askari, na askari mmoja mkubwa aliyekuja na magwanda yake akamfanya kuwa mama yake mwenyewe, bibi anayekataa kuoga. Mimi nikaamuru: «Mama, simama! Oga! Vaa! Kula!» Yule askari akajikunyata kitini, akakunja midomo, akasema kwa sauti nyembamba, «Te! Sioge!» Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Yule askari alipomaliza kucheka akasema, «Kumbe njo vile namufanyia.» Madame Odette akatuambia tuseme jambo moja tu kwa wakati mmoja, na tungoje. Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Ilipofika zamu yangu nikawasimulia matanga yako. Walicheka, mama. Nami nikacheka mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu Papa aanze kuugua. Madame Odette naye alijifuta macho, kisha akasema: «Zaina, papa yako hapana anauliza kifo. Anauliza bibi yake. Hapana kubishana naye, na hapana kumudanganya. Umuulize juu ya huyo bibi. Basi.»

Kesho yake asubuhi Papa akachungulia jikoni. «Mama Zaina iko wapi?» Neno lilikuwa limeshanifika kwenye meno. Nikalimeza, nikasema, «Papa, weye na Mama Zaina mulikutana wapi?»

Sasa, mama, hapa ndipo nina kesi na wewe. Unakumbuka zile asubuhi za sokoni, baridi ya Butembo inauma, wewe umevaa sweta mbili juu ya kitenge, mimi nimeficha mikono kwapani mwako? Nilikuuliza swali hilohilo. Ukaniangalia kwa heshima zote, ukasema, «Mwanangu, tulikutana Beni, sebuleni kwa mjomba, mbele ya wazee. Nilikuwa nimejitanda na macho yangu yako chini.» Nililiamini hilo maisha yangu yote. Niliwahi hata kuwasimulia binti zangu ili waige.

Papa alikaa kwenye kigoda, akacheka kwanza, halafu akasema, «Juu ya magunia.»

Juu ya magunia, mama! Juu ya lori la Baba Mkubwa, lililokwama matopeni njiani kwenda Beni, wewe umekalia gunia la maharagwe ya mjomba kama malkia. Papa alikuwa utingo tu, convoyeur, lakini akakwambia yeye ndiye dereva. «Na ule anashika usukani?» ukamuuliza. «Ule ananisaidia.» Wakati huohuo Baba Mkubwa akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: «Convoyeur! Weka gogo chini ya tairi, mupumbavu!» Ukacheka nusura uanguke. Papa akanyoosha mikono akushushe, ukakataa: «Miye sishuke mu matope. Nitashuka siku lori itafika.» Njaa ilipowakamata wasafiri ukafungua gunia la mjomba, ukatupa maharagwe na sufuria chini, Papa akapika kwa kuni mbichi, na wewe huko juu unaamuru: «Chumvi! Ongeza maji! Usikoroge sana!»

Sebuleni kwa mjomba, eti. Macho chini.

Tangu siku ile Papa hajakulilia tena. Anauliza uliko, mimi namuuliza ulivyo, na yeye anaondoka na hadithi badala ya msiba. Kila siku ananiletea kitu chako ambacho sikukijua: kwamba ulikuwa unaogopa mbuzi, kwamba ulijifunza baiskeli nyuma ya nyumba ukiwa na mimba yangu. Na nyumba imebadilika. Musa wako, yule asiye na breki, sasa anasema neno moja na kungoja, mpaka mkewe anashangaa ameolewa na nani. Papa tumempa kazi yake: pikipiki zote za mtaa zinapita kwetu asubuhi, anapiga teke tairi, anasikiliza, anasema, «Pompez,» yaani tia upepo. Vijana wanaitika «Ndiyo, chef,» hata kama tairi limejaa. Na yule mama wa Kanyabayonga aliyepiga kilio chako ndiye anayekaa naye Alhamisi nikienda masomoni. Wanachambua maharagwe, Papa anamweleza habari zako, na yeye ananiambia anakujua sasa kuliko dada yake.

Lakini Ramadhani iliisha, na Baba Mkubwa ni mtu wa neno lake. Alikuja na gari, dereva akabaki anangoja mlangoni injini inaunguruma. Alishika mfuko wa kutilia nguo za Papa. Nilimpa chai. Papa akatoka chumbani, akamwangalia, akamuuliza, «Mama Zaina iko wapi?»

Baba Mkubwa akafungua mdomo. Nami, mama, mimi mwanao ambaye sijawahi kumkatiza mkubwa, nilimkatiza. «Baba Mkubwa, tafadhali, hapana kumujibu. Umuulize.»

Akanigeukia. Musa alikodolea macho miguu yake. «Nimuulize nini?»

«Umuulize lori ilikwama wapi.»

Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kunionyesha kwamba nimepoteza akili mimi pia. «Haya, Salumu. Lori ilikwama wapi?»

Papa akamgeukia. Kisha akasema, «Weye njo ulikuwa unaendesha, na unaniuliza miye?»

Baba Mkubwa aliweka mfuko chini. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia. «Miye niliendesha muzuri! Weye njo uliangalia bibi, hapana kuangalia tairi!» «Tairi gani! Ulilala ku usukani!» Wakabishana nani alilizamisha lori lile kama vile limezama jana. Baba Mkubwa akakumbuka maharagwe yalikuwa mabichi, Papa akaapa yaliiva. Dereva akaingia kuuliza kama wanaondoka, Baba Mkubwa akampungia mkono aende zake. Alasiri ilipoingia walitawadha pamoja, na Papa, anayesahau mlango wa choo uliko, hakukosea hatua hata moja. Baba Mkubwa alikuwa anamwangalia kwa pembeni, maji yanamchuruzika ndevuni.

Habari za mganga hazikutajwa tena. Alhamisi iliyofuata nilimkuta masomoni kabla yangu, kofia nyeupe kichwani, kiti cha mbele. Akawa wa kwanza kuinua mkono, akasimama: je, kutomwambia mgonjwa kwamba mkewe amekufa si dhambi? Madame Odette akamuuliza naye, «Papa, kuuliza swali ni dhambi?» Akapapasa ndevu zake. «Haiko,» akasema, na akakaa.

Sitakudanganya, mama, maana wewe huna ugonjwa wowote sasa. Kuna siku Papa ananisukumia sahani na kuniuliza mimi ni mtumishi wa nani. Kuna siku nachoka mpaka natamani kukaa kwenye magunia yangu mwenyewe nisishuke. Ugonjwa unaenda mbele, haurudi nyuma, nimefundishwa hilo na nimelikubali. Lakini nina furaha, na naiandika bila aibu. Nyumba yako inacheka. Papa analala kwake, miguu yake yote miwili iko huru. Na wewe niliyekuzika nimekupata tena, mwenye matope na kelele, na nakupenda zaidi kuliko yule wa sebuleni.

Juzi tulikuwa uani, anaota jua. Nilimuuliza swali jipya. «Papa, ukimuona Mama Zaina, utamuambia nini?»

Hakufikiri hata kidogo. «Nitamuambia ashuke. Lori imefika.»

Mama, nakuomba kitu kimoja. Akikuita hivyo, usimwamini bado. Unajua tangu zamani alivyo mwongo kwenye mambo ya lori. Halijafika. Tuko naye njiani, matope ni mengi, moto unawaka, na maharagwe hayajaiva. Kaa hukohuko juu ya magunia yako, utuamrishe chumvi.

Ni mimi, uliyejifunzia naye baiskeli,
kifungua mimba wako, Zaina