Kamba ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima. Sisi hatujambo, ila mgongo unamsumbua baba, na mama analalamika kwamba hupigi simu wala huandiki. Nimemwambia watu maarufu wana shughuli nyingi.

Baba amestaafu. Uwanja wa kiwanda sasa nautunza mimi: nafyeka nyasi, nachora mistari kwa chokaa. Ndiyo, yule yule Chekeche. Mpaka leo nikipita karakana, mafundi wananiuliza kama nimeshaziba matundu. Jina hilo wewe ndiye uliyelikoleza, siku ile ya fainali tulipofungwa kwa penalti papa hapa nyumbani. Ya kwako uliifunga, na wapinzani wakanifunga zao zote kabla sijaruka vizuri. Jioni ukamwambia mtangazaji wa redio kwamba tungekuwa na kipa, kombe lingekuwa letu. Wewe ukasajiliwa mjini, mimi nikavuliwa glavu. Iliniuma, kaka, na bado inaniuma.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita baba alinikabidhi kamba yake, ile aliyopimia alama ya penalti kutoka mstari wa goli. Nikailinganisha na futi ya seremala. Ni fupi, tena kwa hatua nzima. Nilidhani atasema panya wameitafuna. Akainamisha kichwa, akasema aliikata mwenyewe, mwaka ule ulipoumia mguu, mashuti yako yakaisha nguvu, ukawa unajifungia chumbani kulia. Alitaka tu upate moyo. Hakuna aliyeshtuka, maana boksi lote alilipunguza vivyo hivyo. Huko mjini ulipokosa kila penalti, sisi tulidhani ni mkosi.

Nikamuuliza, na mimi je, niliyekuwa golini? Akasema kweli kabisa, hilo halikumpitia akilini.

Uongozi umeniambia unastaafu soka na utakuja mwezi ujao kuagwa, na kwamba utapiga penalti moja ya heshima, nami nikae golini watu wacheke kidogo. Nimekubali. Kamba nimeichoma, na alama nimeichora upya mahali pake.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama ameshaanza kukusafishia chumba. Baba amesema hatakuja uwanjani siku hiyo, kwa sababu hajui amshangilie nani. Mimi najua angemshangilia nani.

Ni mimi mdogo wako,
Kipa