Usikunje Vidole

Kwako dada yangu,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikiomba barua hii ikukute mzima pamoja na mama na mdogo wetu Chiriku. Vipi magoti ya mama, yamepata nafuu tangu mvua zikatike? Na cherehani yako, yule fundi aliitengeneza au bado inakata uzi kila ukiikanyaga? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama, na chakula nakisukuma tu ili mwenye nyumba wangu asije akadhani naumwa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimepiga zaidi ya mara moja wiki hii, ukapokea, nami nikaishia kuuliza bei ya vitambaa. Unajua simu yako inavyopayuka. Mtu akinong'ona huku, jirani anaitikia kule. Ninayotaka kukuambia hayafai kusikiwa na mwingine. Kwa hiyo nimemwomba dereva wa gari la magazeti, naye ameniahidi barua itakuwa mkononi mwako Jumatano. Tafadhali funga mlango wa chumba cha kushonea kwanza. Usiisome kwa sauti, hata mama akiomba.

Kazi yangu unaijua: kupiga chapa miswada ya mchezo wa redio mnaousikiliza kila Ijumaa jioni, kutoa nakala kwa waigizaji, na kuangalia kurasa zisipishane. Sijawahi kukueleza chumba chenyewe kilivyo. Kuta zimefunikwa magodoro makuukuu, katikati umesimama mlango usio na nyumba, wa kufungua na kugonga tu, na chini kuna karai la kokoto ambamo kijana wa mitambo hutembeza viatu mkononi ili ninyi msikie mtu akija. Anayetuongoza tunamwita Mzee Mkasi, kwa kuwa hakuna ukurasa uliowahi kutoka mikononi mwake ukiwa na urefu ule ule. Yeye mwenyewe analijua jina hilo na nadhani linampendeza.

Basi mwandishi wetu aliugua akalazwa, na mchezo ukabaki njia panda. Wasikilizaji walikuwa wamemchoka yule mama mwenye nyumba, anayewafokea wapangaji na kumfokea zaidi mdogo wake anayeishi naye. Barua zilikuja nyingi zikisema mwanamke wa namna ile hayupo duniani. Najua hata hapo nyumbani mnamchukia; Chiriku aliniigizia sauti yake kwenye simu mpaka nikavunjika mbavu. Mzee Mkasi akasema hakuna mtu anayezaliwa siku anapotokea kwenye mchezo. Huyu mama ametoka mahali, na mpaka tujue ametoka wapi, atabaki kuwa kelele. Akaangalia chumba kizima, kisha akanitazama mimi kwenye meza yangu ya karibu na mlango, akasema wewe uliyesoma, hebu jaribu.

Dada, sikuwahi kuogopa mtihani kama nilivyoiogopa kazi ile. Mara ya kwanza nilimfanya yule mama amsimulie jirani yake maisha yake yote kwa mkupuo: alizaliwa wapi, alifiwa na nani, aliteswa na nani. Kila sentensi ya pili ilianza hivi: kama unavyojua, jirani yangu. Waigizaji walicheka wakashika mbavu. Yule anayeigiza mlinzi alimuuliza mwenzake kama mkewe naye humpokea mlangoni kwa kumkumbusha kwamba wameoana. Mzee Mkasi hakucheka. Alisema watu hawaambiani wanayoyajua, na kwamba msikilizaji akimwagiwa gunia zima mlangoni, hana haja ya kuingia ndani.

Mara ya pili nilimwotesha ndoto, yenye sauti za mwangwi na mtoto analia kwa mbali. Kijana wa mitambo aliifurahia sana kwa sababu mashine ya mwangwi ilikuwa imekaa bure. Mzee Mkasi akairarua. Akaniambia nisimweleze mwanamke huyu alitendwa nini. Nitafute kitu ambacho mwanamke huyo hawezi kuacha kukifanya, hata akiwa na hasira, hata akiwa na haraka. Nikishakipata hicho, yaliyopita yatakuja yenyewe nyuma yake, na mengi hayatahitaji kutajwa.

Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa kitandani na karatasi magotini, na sikufikiri hata kidogo. Mkono ulienda wenyewe.

Niliandika kwamba yule mama, akiwa katikati ya kumfokea mdogo wake kwa kuvunja kikombe, anamwambia akae, aweke mguu juu ya stuli. Anatoa uzi. Anaupima mguu kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, anaongeza upana wa kidole kimoja wa kukulia, anafunga fundo, na muda wote anaendelea kufoka. Halafu anasema, usikunje vidole, unamdanganya muuza viatu.

Najua hapo umeshika mdomo. Nisubiri kidogo, nimalize.

Kisha yuko dukani. Muuza viatu anampa futi, anaikataa. Anaulaza uzi wake ndani ya kiatu, kimoja baada ya kingine, mpaka anapata. Muuza viatu, mtu wa maneno mengi, anamwambia hajawahi kuona mtu anayepima namna hiyo, halafu anauliza kama ni viatu vya mwanawe. Hapo yule mama ananyamaza. Mzee Mkasi aliondoa muziki, akaondoa kelele za barabarani, akamwambia mwigizaji asikimbilie kujibu. Ni kimya kirefu, dada. Kwenye redio kimya cha namna hiyo mtu hudhani betri zimekwisha. Ndipo anasema, ni vya mdogo wangu.

Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Hakuna anayeeleza chochote. Tuliporekodi, mwigizaji alibaki kitini, karatasi bado mkononi, na mlinzi wetu mwenye mizaha alitoka nje.

Sasa naandika mambo ambayo Mzee Mkasi angeyakata, kwa sababu unayajua kuliko mimi. Lakini wewe hujui kwamba mimi ninayajua. Tumekaa miaka yote hii kila mmoja akimlindia mwenzake mlango, na ndani hamna mtu.

Nilikuwa na miaka tisa ulipokwenda na mama kwa shangazi, mkakaa huko mpaka nikazoea kupika uji mwenyewe. Mliporudi mama alikuwa amembeba Chiriku. Baba, Mungu amlaze pema, alituambia tumepata mdogo wetu, na kwa jinsi alivyosema, hakuna aliyethubutu kuuliza. Siku chache baadaye niliingia jikoni kuchukua maji. Ulikuwa umegeukia ukutani, blauzi imelowa mbele, na mama alikuwa akikufunga shuka kifuani, anakaza, anakaza tena, nawe umeuma kona ya taulo. Chumba cha pili mtoto alikuwa analia. Hamkuniona. Nilirudisha kikombe mahali pake nikatoka nje kucheza, na nadhani nilicheza kweli. Maana yake niliielewa baadaye sana, na nilipoielewa sikushtuka. Ilikuwa kama kitu nilichokuwa nacho mfukoni siku zote. Sijui baba yake ni nani, wala siulizi.

Mchezo huo utarushwa Ijumaa hii, baada ya taarifa ya habari. Na mwaka huu umempima Chiriku tena, aliniambia mwenyewe, akalalamika kwamba msichana mkubwa kama yeye anashikwashikwa miguu wakati wenzake wanakwenda dukani na miguu yao. Ataisikia sentensi yako ile kwa maneno yale yale. Halafu atasikia kimya.

Nimejaribu kuizuia. Nilikwenda kwa Mzee Mkasi nikamwomba turudishe yale maelezo ya jirani, nikasema kimya kile ni kirefu mno, watu watadhani mitambo imeharibika. Alinitazama juu ya miwani akasema kimya kile ndicho kitu pekee cha kweli tulichorekodi mwaka huu. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kumsikia nayo, akaniuliza yule mama ni mama wa nani. Ningemwambia, angeisimamisha, si mtu mbaya. Lakini ili nimwombe afiche siri yako ingenibidi niitoe tena, safari hii mbele ya macho ya mtu. Nikamjibu ni mawazo tu. Akanipigapiga bega. Kesho yake wakanihamishia chumba cha waandishi, chenye dirisha. Nilifurahi, dada. Nilikaa pale nikifurahia dirisha, na wakati huo huo nikihesabu siku zilizobaki kufika Ijumaa.

Laiti ningebaki na lile gunia la kwanza, lenye kila kitu, kusingekuwa na hatari yoyote. Mngelisikia, mngepiga miayo, Chiriku angekejeli. Visa vya namna hiyo viko nyumba nyingi, na kisa kikielezwa vibaya si cha mtu yeyote. Nilipoandika vizuri ndipo kikawa chako.

Na sasa lile ambalo kwa ajili yake nimeharibu karatasi nyingi. Ungeweza kudhani kwamba nilipitiwa, kwamba mkono uliteleza nikiwa nimechoka. Ningependa uamini hivyo. Nilipomaliza kuandika, niliisoma tena, nikamwona Chiriku amekaa mkekani mbele ya redio, kanyoosha miguu. Nilimwona waziwazi. Nikachukua kalamu nikabadilisha uzi nikaweka karatasi, hadithi ikafa. Nikaweka kofia badala ya viatu, ikafa. Nikafuta lile neno la vidole, nikaweka jingine, na yule mama akageuka kelele tena. Basi nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kwenda kulala. Nilijua, dada. Niliuacha ukurasa ule kwa sababu ulikuwa mzuri.

Sikuombi msamaha, maana ukinipa nitautumia kujiliwaza. Nakuomba kitu kimoja: mwambie kabla ya Ijumaa. Nilifikiri nikuombe utoe betri, lakini redio za majirani ziko wazi, na Jumatatu shuleni kila mtoto atakuwa anaigiza yule mama. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, vyovyote utakavyoweza, hata kwa mkupuo, hata kwa maneno mabaya yasiyopangika. Asisikie kwa muuza viatu. Mama atakasirika, niachieni mimi hasira zake zote.

Ipo na hii. Wameniagiza sehemu inayofuata. Wanataka yule msichana ajue, na wanataka kusikia atasema nini. Karatasi iko mbele yangu, nyeupe, chini ya dirisha langu zuri. Kwa hiyo, Chiriku atakapokujibu, alie au acheke au atoke nje aende zake, usiniandikie alichosema. Usinieleze alikaa vipi, wala alishika nini. Hata nikikupigia simu nikauliza kwa upole, nikalia, usiniambie. Najifahamu sasa. Nitaapa kwamba sitakigusa, halafu nitakigusa.

Nisalimie mama, mwambie nakula. Nisalimie mwanao. Wasalimu na wote wanaoniuliza. Nawaombea afya na utulivu, mimi nikiwa sina cha pili kati ya hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Karani