Eti Nang Tani kamjia ndotoni!

Pim, hutaamini.

Malai wetu katumia miaka mitatu kuyatengeneza yale manukato ya Himmapan, ule msitu wa hadithini. Magome na maua alichuma na mama yake kule Nan.

Leo kwenye uzinduzi, bosi wake Thanakrit, asiyejua tofauti ya mdalasini na vumbi, kapanda jukwaani: “Nang Tani, pepo wa mgombani, alinijia ndotoni akanipa harufu hii.”

NDOTONI, Pim!

Mama Malai akasimama. “Pepo gani, baba? Aliyechuma ni mimi. Wewe ulijifungia garini ukiogopa ruba!”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Thanakrit akafoka, “Malai, mtoe mama yako!”

Akamtoa kweli. Wakaondoka wote wawili, daftari la mchanganyiko likiwa kwapani. Nakala nyingine haipo.

Sasa aote tena.